Ufunguo u Mkononi mwa Nani?

Baina ya sala ya alasiri na ya magharibi, jua linapoteremka kuelekea milima ya Kongo na maji ya Ziwa Tanganyika yakageuka rangi ya shaba, wazee wa Ujiji wana desturi ya kukaa barazani. Na kwa kuwa mji huu, tangu zama za misafara, ulikuwa mahali ambapo habari hupokewa kabla ya bidhaa, hapana jambo, kubwa wala dogo, linalopita njiani pasipo kusimamishwa likaulizwa linakotoka na linakokwenda. Jioni moja ya mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu wakishona nyavu kwa sababu mwezi ukiwa mpevu samaki hawazijali taa zao, jambo lililosimamishwa lilikuwa dogo kwa umbo, maana lilitosha katika kiganja cha mkono. Lilikuwa simu.

Kijana mmoja mvuvi alikuja na fedha zake za giza lililopita, yaani zile siku za kuvua zisizo na mwezi, akataka shauri. Simu aliyokuwa nayo aliinunua miaka michache nyuma katika duka la kampuni moja, kwa bei ya chini iliyomfurahisha siku ile na kumsumbua siku zote zilizofuata, kwani simu hiyo haikubali laini ila ya kampuni iliyoiuza; na huko anakovua, kaskazini ya Gombe, laini hiyo hushika na kuachia kama mgonjwa wa homa ya vipindi. Kule Mwanga, mjini Kigoma, alikuwa ameonyeshwa simu mbili: moja iliyo wazi, ya bei kamili, taslimu; na ya pili ya mkopo, yenye utangulizi mdogo na malipo ya kila siku. Juu ya hayo alitaka kuhama mtandao, lakini hakutaka namba yake iachike.

Barazani alikuwapo nahodha mmoja mzee, aliyestaafu safari za maboti lakini hajastaafu kuyatolea hukumu. Mama mmoja mfanyabiashara wa mawese. Fundi wa simu aliyekuja kumsalimu mjomba wake. Na mwalimu wa shule ya sekondari. Mimi nilikuwa mwenye kusikiliza. Majina yao nimeyasitiri, nikamwita kila mmoja kwa kazi yake.

MVUVI: Shikamoo babu. Shikamooni nyote.

NAHODHA: Marahaba, mjukuu wangu. Keti. Hoja yako nimekwisha kuisikia kwa vijana wenzako kabla hujafika, na jawabu langu ni fupi. Kaa ulipo. Namba yako inajulikana na shangazi zako walioko Kalemie, inajulikana Uvira, na wanunuzi wa dagaa wanaokuja Kibirizi wameiandika katika madaftari yao. Mtu akibadili namba katika mji wa biashara ni kama aliyebadili jina usiku: asubuhi ataitwa na asiitike, na wenye kumdai watasema amekimbia.

MWALIMU: Babu, niwie radhi nikukate kauli. Hilo la namba kupotea lilikuwa kweli zamani, lakini tangu Machi 1, 2017 si kweli tena. Tarehe hiyo Mamlaka ya Mawasiliano, ndiyo TCRA, iliruhusu kila mwenye namba ahame nayo kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kenya walitutangulia kwa miaka 6, mwaka 2011, na Singapore walikwisha kufanya hivyo tangu 1997. Ataingia kwa wakala wa mtandao anaoutaka, wala si ule anaouacha. Atachukua laini mpya na kuisajili kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Kisha kutoka katika namba yake ya zamani atatuma neno HAMA kwenda 15080. Asiwe na deni kwa wale anaowaacha, na fedha iliyomo katika pochi ya simu aitoe kabla, maana namba huhama lakini salio halihami.

NAHODHA: Aende kwa anaowaendea, siyo kuaga kwa anaowaacha?

MWALIMU: Ndivyo. Na mimi naona aliyetunga kanuni hiyo alikuwa na busara, kwani mpangaji akilazimishwa kuomba ruhusa ya kuhama kwa mwenye nyumba yule yule, siku ya kuhama haitafika.

Mzee alinyamaza kidogo, akizungusha tasbihi yake. Nilifahamu kwa nini jambo hilo lilikuwa zito kwake. Watu wa umri wetu tulizoea kuisoma namba ya mtu kama tunavyosoma ukoo: ukiona 0754 umejua nyumba anayotoka, ukiona 0784 umejua nyingine, ukiona 0713 umejua ya tatu. Tarakimu zile za mwanzo zilikuwa mali ya kampuni zikavaliwa na mteja. Tangu 2017 zimekuwa mali ya mteja, na kampuni ndiyo inayozifuata. Na mimi, ambaye aghalabu sioni sababu ya kuvisifu vitu vipya kwa upya wao, nakiri kwamba katika jambo hili haki ilirudishwa kwa mwenyewe.

NAHODHA: Basi nami niseme la kweli. Laini yangu niliinunua ikiitwa Celtel. Nikiwa nayo hiyo hiyo, mwaka 2008 ikaitwa Zain, na 2010 ikaitwa Airtel. Mimi sikuhama, ni nyumba iliyobadilishwa jina nami nimo ndani. Na wale wa laini ya Tigo wameamka mwaka 2024 wakaambiwa wao sasa ni Yas. Kwa hiyo nisemapo kaa ulipo, sisemi kwa mapenzi ya jina la kampuni, kwani majina hayo yameniacha mimi kabla sijayaacha. Nasema kwa ajili ya watu. Zamani kupiga simu kutoka mtandao huu kwenda ule kulikuwa na gharama ya kukatisha mtu tamaa, ndiyo maana aila nzima ilikaa katika mtandao mmoja.

MWALIMU: Na hilo nalo limeondoka, babu. Kampuni moja ikipokea simu inayotoka kwa nyingine hutoza ada ya kuunganisha, na ada hiyo ilishushwa kwa amri ya Mamlaka: mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, mwaka 2022 ikafika shilingi 2. Ukuta uliokuwa ukitenga aila kwa aila ulipunguzwa tofali kwa tofali.

FUNDI: Mjomba, mnazungumza juu ya namba, lakini namba siyo iliyomfunga huyu ndugu yangu. Iliyomfunga ni simu yenyewe. Hata akituma hilo neno HAMA leo na akakubaliwa leo, ataichomeka laini mpya ndani ya simu yake na simu itamwambia laini haikubaliki. Kufuli hizi ni mbili na watu huzichanganya. Nami nawaona kila siku dukani, mtu amehama mtandao kwa furaha, kisha ananijia analia kuwa simu imekufa. Haikufa. Imemtii mwenyewe.

MVUVI: Mwenyewe si mimi, kaka?

FUNDI: Ndilo swali. Sikiliza. Kila laini ina namba ya ndani isiyoonekana, tarakimu 15, siyo hii unayowapa watu. Tatu za mwanzo ni za nchi: 640 ni Tanzania, 642 ni Burundi, 630 ni Kongo. Zinazofuata ni za kampuni. Simu iliyofungwa imeandikiwa ndani yake: ukiona laini isiyoanza na tarakimu kadha wa kadha, kataa. Hapana kitu kingine. Redio yake ni nzima, inaweza kuongea na mnara wo wote, imekatazwa tu. Kampuni iliyokuuzia kwa bei pungufu ilitoa sehemu ya bei mfukoni mwake, ikaweka kufuli ili ikusubiri urudishe kwa vocha na vifurushi. Kuifungua kunahitaji namba ya kufungulia, na namba hiyo wanayo wao. Kuna mafundi wanaoipata kwa njia nyingine, na mimi siwalaumu, lakini nasema hadharani jambo moja: kufungua kufuli ya mtandao si sawa na kubadili namba tambulishi ya simu. Hiyo ya pili, ambayo ukibonyeza *#06# inatokea, ni kama namba ya chasisi ya gari. Kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na fundi akikwambia hapana neno, ondoka dukani mwake.

MAMA WA MAWESE: Lakini si ndizo zilizozimwa zile?

FUNDI: Zilizozimwa usiku wa Juni 16, 2016 zilikuwa simu bandia, mama, zile ambazo namba zao tambulishi hazikuwa za kweli. Watu wengi hapa Kigoma waliamka asubuhi wakashika vipande vya plastiki. Ndiyo maana nasema kabla mtu hajatoa fedha, abonyeze *#06#, achukue zile tarakimu 15, azitume kwenda 15090, na asubiri jawabu akiwa amesimama pale pale mbele ya muuzaji. Jawabu likija na jina la simu nyingine, arudishe fedha mfukoni na aseme ahsante.

Katika nchi za wenzetu jambo hili la kufuli limepiganiwa kwa sheria. Marekani mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kumruhusu mwenye simu aifungue ili ahamie kampuni nyingine, na Uingereza tangu Desemba 2021 kampuni za simu zimekatazwa kabisa kuuza simu iliyofungwa. Kwetu hapakuwa na vita kama hiyo, na sababu yake ni njema: tangu mwanzo simu nyingi katika nchi zetu ziliuzwa wazi, na zilizotutawala, kama vile Tecno na itel za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zilikuja na matundu mawili ya laini kwa kuwa watengenezaji walitutazama wakaona kila mtu ana laini mbili na simu moja. Matundu yale mawili yalifanya kimya kimya kazi ambayo sheria za wengine zilifanya kwa kelele. Yule anayeweza kuweka laini mbili pamoja hahitaji kuhama. Hukaa huku na huku, akanunua kifurushi palipo rahisi na kupokea simu pale anapojulikana. Naamini ndiyo sababu neno HAMA wengi hawakupata haja ya kulituma.

Lakini kufuli, akasema Fundi, haikuondoka duniani. Imehama nayo, kwa namba yake ile ile, kutoka katika tundu la laini ikaingia katika deni.

MAMA WA MAWESE: Hapo nanena mimi, maana naona mnaitukana simu ya mkopo nayo imo kibindoni mwangu. Mzee wangu, mwalimu, wanangu, nisikilizeni. Mimi nilikuwa na kitochi miaka mingi. Mteja wa Tabora akitaka kuona rangi ya mawese, nilimwambia njoo. Hakuja, akanunua kwa mwingine aliyempelekea picha. Bei kamili ya simu janja sikuwa nayo, na kama ningesubiri niwe nayo ningesubiri hata leo, kwani fedha ya mwanamke mwenye watoto haikai ikafika wingi wa bei ya simu, ina wito kila asubuhi. Nikachukua ya mkopo. Nikalipa kila siku, shilingi kwa shilingi, kabla sijanunua mboga. Siku mbili nilichelewa na simu ikajifunga, kweli, nikalipa, ikafunguka. Leo nauza Tabora na Mwanza nikiwa nimekaa hapa Rusimbi. Mnaniambia uhuru. Uhuru wa simu nisiyokuwa nayo ungeninunulia nini?

Hapana aliyejibu haraka, na haikustahiki kujibiwa haraka. Nimesikia hotuba nyingi za watu wenye fedha taslimu wakiwausia wasiokuwa nazo wasikope, na sijasikia hata moja iliyomtoa mtu katika shida. Hoja ya mama yule ilikuwa imesimama juu ya kazi ya mikono yake, na kama mjadala ungekwisha pale, yeye ndiye angekuwa mshindi.

MWALIMU: Mama, sina la kukupinga katika ulilolifanya. Nataka tulipime tu kwa huyu kijana. Tuseme, kwa mfano, simu taslimu ni shilingi 200,000. Kwa mkopo ni utangulizi 50,000, na 1,000 kila siku kwa siku 270. Jumla ni 320,000. Zile 120,000 za ziada ni bei ya muda, na pengine ni halali yao, kwani wamekuaminia mali. Wewe unauza mawese kila siku iliyoumbwa, basi 1,000 ya kila siku unayo. Je, yeye?

MVUVI: Mwalimu, mimi sina kila siku. Nina giza na nina mbalamwezi. Mwezi ukijaa, mtumbwi uko mchangani, nami niko hapa kama mnavyoniona. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 lilifungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15, miezi 3, ili samaki wazaliane, na sikatai, samaki walikuwa wamepungua na nchi zote nne zenye ziwa zilikwisha kukubaliana. Lakini rafiki yangu alikuwa na simu ya mkopo wakati ule. Ziwa lilipofungwa na simu ilifungwa. Akawa hana samaki na hana njia ya kumpigia mtu amwombe kibarua.

NAHODHA: Laa haula.

MVUVI: Alilipa mpaka akakosa. Kisha ikambidi aazime simu ya mkewe aombe kazi ya kubeba mizigo bandarini.

MAMA WA MAWESE: Basi hapo, mwanangu, nakuunga mkono, na sikutanguliwa na mtu kulisema. Mkopo ule ulishonwa kwa kipimo cha mtu wa duka. Mimi ulinienea. Wewe utakubana makwapani.

Hapa ndipo mjadala ulipogeuka, na mimi nikaona kile ambacho tangu mwanzo nilikuwa nikikitafuta pasipo kukijua. Sikatai kwamba mwenye kukopesha ana haki ya kujilinda. Dhamana na rehani ni mambo ya kale, yana hukumu zake katika kila sheria na kila dini. Aliyeweka rehani bangili alivuliwa bangili, na mkono wake ukabaki kufanya kazi. Simu inayojifunga haimwondolei mdaiwa pambo. Inamwondolea chombo kile kile ambacho kwacho angetafuta cha kulipia, na inafanya hivyo siku ile ile riziki inapokatika, kwa kalenda isiyojua mwezi wala ziwa. Wakopeshaji wakitaka kufanya insafu na watu wa mwambao huu, na watoze kwa giza, wapumzike kwa mbalamwezi, na ziwa likifungwa kwa amri ya serikali, deni nalo lisimame mpaka lifunguliwe. Hesabu hiyo mashine yao inaweza kuifanya kwa urahisi kuliko mtu.

Wala watu wa Ujiji hawahitaji kuelezwa hatari ya kutegemea njia ya mwingine. David Livingstone alipofika hapa 1869 aliandika barua nyingi, akazikabidhi zipelekwe pwani, na nyingi hazikufika, kwa kuwa wenye njia ya Unyanyembe na Bagamoyo ndio walioamua nini kitapita. Kisha akaondoka, na aliporudi mwaka 1871, amedhoofika, alikuta na bidhaa alizopelekewa zimekwisha kuuzwa na yule aliyeaminiwa kuzitunza. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi aliyekuwa akimtafuta, akamkuta katika hali hiyo. Mtu hodari, mwenye karatasi na wino na jina lililojulikana hata ng'ambo ya bahari, alikuwa bubu kwa sababu mjumbe hakuwa wake. Tena mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilipofika ziwani, haikuishia Ujiji. Iliishia Kigoma, penye ghuba ya kina, bandari ikaenda huko, na mji huu uliokuwa kikomo cha njia ya misafara ukaachwa kwa mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu. Babu zetu hawakuulizwa. Kwa hiyo ninaposikia kijana wa Ujiji akiuliza kama ahamie njia nyingine kwa hiari yake, akiwa na namba yake mkononi, siwezi kulitazama swali hilo kama la bei ya vifurushi peke yake.

FUNDI: Kuna mlango wa tatu sijausema. Nduguyo aliyeko ughaibuni akikwambia atakuletea simu, furahi, lakini uliza. Simu zinazotoka Marekani nyingine zimefungwa kwa kampuni za huko, nazo huuzwa hapa zikiwa na kile kipande chembamba kinachowekwa chini ya laini, kinaitwa R-SIM, kazi yake ni kuidanganya simu kwamba laini yako ni ya kule. Siku ukiipandisha programu mpya, uongo unaweza kugunduliwa. Tena hata ikiwa wazi kabisa, masafa ya redio ya kule si yote yaliyo ya huku. Simu itasema, lakini intaneti yake huenda ikatambaa, kwa kuwa mnara unaita kwa sauti ambayo sikio lake halikuumbiwa.

NAHODHA: Mnara! Sasa umelitaja jambo ambalo nimekaa nikingojea litajwe. Ninyi mnazungumza kufuli ya simu, na kufuli ya deni, na mimi niliyekwenda Kagunga na kurudi miaka 31 nawaambia kufuli iliyo kubwa imo katika milima. Ufukwe wa kaskazini umesimama kama ukuta. Kijiji kimekaa chini ya mlima, mnara uko nyuma ya mlima, simu ya dhahabu haitasaidia. Vipo vijiji vyenye mnara wa kampuni moja tu. Huko kuhama ni kuhama kwenda wapi?

MWALIMU: Ni kweli, babu. Minara mingi ya vijijini hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sababu kampuni kwa hesabu zake peke yake isingekwenda huko, na ruzuku hupewa kampuni moja kwa eneo. Halotel nao walipoingia mwaka 2015 walikuja na ahadi ya kuvifikia maelfu ya vijiji. Kwa hiyo mtandao unaovuma mjini si lazima uwe ndio unaosikika mwaloni.

NAHODHA: Na ziwani sauti ni roho. Pepo za kusini za kiangazi zikivuma usiku, na mashine ikazimika katikati ya maji, mtu hataki kujua kifurushi kina bei gani. Anataka mmoja tu asikie. Kwa ajili hiyo, mjukuu wangu, nimegeuza kauli yangu nusu. Simu nunua ile iliyo wazi, taslimu, hata kama ni ndogo kuliko uliyoitamani, yenye matundu mawili. Fedha unayo leo. Ukikopa kwa siku 270, iko siku utaikosa. Lakini namba usiihamishe bado.

MVUVI: Kwa nini, babu? Mwalimu amesema haipotei.

NAHODHA: Kwa sababu hujaijua bahari ya mtandao unaouendea. Umesikia kwa watu. Nunua laini mpya ya hao unaowataka, isajiliwe kwa kidole chako, uiweke tundu la pili. Namba yako ya zamani ikae tundu la kwanza. Panda nayo giza hili lote. Kila mwalo, tazama ipi inashika.

MAMA WA MAWESE: Na pochi yake? Mwalimu amesema fedha atoe. Hakusema la mkopo. Mimi ninapopungukiwa, mtandao wangu hunikopesha kidogo kwa kuwa wamenitazama miaka mingi nikiingiza na kutoa. Nikihama leo, namba itakuwa ile ile lakini kule niendako ni mgeni, sijawahi kuweka hata mia. Jina jema nililolijenga halihami.

MWALIMU: Halihami, mama. Kutuma fedha kutoka mtandao kwenda mtandao kumewezekana, wengine tangu 2014 na Vodacom wakajiunga 2016, lakini historia ya mtu hubaki kwa aliyeiandika. Hilo kwa maoni yangu ndilo linalopasa kudaiwa sasa: kwamba kumbukumbu ya uaminifu wa mtu iwe yake, aende nayo kama anavyokwenda na namba.

NAHODHA: Nani ataidai?

MWALIMU: Sisi, babu. Ile ya namba nayo kuna siku ilikuwa haipo.

Mwadhini alikuwa akijiandaa, nasi tukaanza kujikusanya. Kijana alitoa kipande cha karatasi, na Nahodha, kwa sauti ya mtu anayesoma ramani iliyo ndani ya kifua chake, akamtajia mahali pa kuitazama simu: Kibirizi akiondoka, Kigalye, Mtanga, kisha kimya cha Gombe ambapo alimwambia asihangaike, kisha Mwamgongo, akaweke alama mbili, moja mchangani na moja maji marefu penye taa, kwa kuwa huko ndiko atakakokuwa usiku. Fundi akaongeza kwamba simu akiinunua kesho aje nayo kwanza dukani, waijaribu kwa laini za mitandao yote kabla muuzaji hajafunga duka. Kijana akaandika yote kwa herufi kubwa, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na fedha.

Alikuwa amekwisha kushuka ngazi za baraza Mama alipomwita.

MAMA WA MAWESE: Mwanangu! Na ukifika Kagunga, izuie simu isijichagulie mtandao. Mnara wa Burundi uko karibu kuliko wetu, itaukamata yenyewe, na salio lako lote litalala ng'ambo.

MVUVI: Nimesikia, mama.

Akasimama kando ya njia, akaitoa karatasi tena, akaliandika na hilo.